Kumtuza Anayefika Kliniki Si Kumhonga

Mazungumzo ya afya ya jamii kuhusu motisha katika matibabu ya uraibu

 

Mada ya leo ni rahisi kuitaja lakini ni ngumu kuikubali. Inahusu kumpa mtu anayetibiwa uraibu wa pombe au dawa za kulevya kitu kidogo kila anapofika kliniki siku aliyopangiwa. Inaweza kuwa vocha ya chakula, nauli ya kurudi nyumbani, au sukari na sabuni za matumizi ya wiki. Wengi wakisikia hivyo huuliza swali moja: kwa nini mlevi atuzwe kwa kujitibu mwenyewe, ilhali mama aliyeamka alfajiri na kumbeba mtoto mgongoni hadi zahanati harudi na chochote?

Swali hilo ni la haki, na litajibiwa kabla ya mazungumzo haya kwisha. Ieleweke kwanza kwamba hakuna mradi unaotangazwa leo. Yanatolewa maelezo tu, ili wakazi wakifika kwenye vikao vya kujadili bajeti, wawe wanalijua jambo lenyewe na si uvumi wake.

Kiti kilicho wazi

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka wa 2022, Mkenya 1 kati ya kila 6 mwenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo kimoja. Kwa pombe peke yake, ni mtu 1 kati ya kila 8. Hivyo hakuna kijiji wala mtaa unaoweza kusema kwamba jambo hili ni la jirani.

Matibabu yapo. Kwa wale wanaotumia heroini, ambayo mitaani huitwa unga, Kenya ilianza kutoa dawa ya methadoni katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwezi wa Desemba 2014. Mapema mwaka wa 2015 huduma hiyo ilifika Malindi, na baadaye kliniki nyingine zikafunguliwa Mombasa, Kwale, Lamu, Kisumu na kwingineko. Kwa wenye tatizo la pombe, bangi au miraa, matibabu makubwa ni ushauri nasaha, makundi ya kusaidiana na uangalizi wa daktari.

Hata hivyo, kuwepo kwa matibabu ni jambo moja, na mgonjwa kuyafuata hadi mwisho ni jambo jingine. Tatizo linalowasumbua washauri nasaha kote duniani ni kiti kilicho wazi. Mtu huandikishwa, huja mara mbili au tatu, kisha haonekani tena.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 27 aliyeamua kuachana na unga. Mfano huu umetungwa, lakini hali zake zinajulikana na wengi. Methadoni ni dawa ya maji, na kwa kawaida mgonjwa huinywa palepale kliniki mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili kwa Jumatatu, Idi na Krismasi. Tuseme nauli yake ni shilingi 100 kwenda na shilingi 100 kurudi. Hizo ni shilingi 200 kwa siku, na kwa mwezi mmoja ni shilingi 6,000. Kijana huyo hana kazi ya kudumu. Akipata kibarua cha mjengo, msimamizi huchagua watu saa moja asubuhi, wakati ambao yeye anapaswa kuwa kwenye foleni ya dawa. Akiwa njiani kurudi, wapo wanaomnyooshea kidole na kumwita teja.

Siku atakayoshindwa kufika, mwili wake utaanza kumdai. Wenyewe huiita arosto: jasho, kutapika, tumbo kuuma, mifupa kuwaka moto na usingizi kukimbia. Wauzaji wa unga wako karibu kuliko kliniki. Akikosa dawa siku tatu mfululizo, hawezi kurudi na kunywa kipimo kilekile cha mwanzo. Lazima akaguliwe upya, na mara nyingi kipimo hushushwa, kwa sababu mwili huwa umeanza kupoteza uzoefu wa dawa. Hatari kubwa iko hapo. Mtu aliyekaa bila heroini kwa muda, kisha akarudia kiasi alichokuwa akitumia zamani, anaweza kuacha kupumua na kufa.

Kwa hiyo kiti kilicho wazi si suala la nidhamu peke yake. Wakati mwingine ni dalili ya kwanza ya msiba.

Kwa nini nia njema haitoshi

Watu wengi huamini kwamba mtu akitaka kuacha kwa dhati, ataacha. Ukweli ni kwamba wengi wanataka, lakini nia yao hupimwa kila asubuhi kwenye mizani isiyo sawa.

Upande mmoja kuna kileo, ambacho huleta nafuu ndani ya dakika chache. Upande wa pili kuna matibabu, ambayo faida yake huchukua miezi kuonekana: mwili kupata nguvu, mke kurudi nyumbani, mwajiri kuamini tena, mtoto kulipiwa karo. Gharama ya matibabu, kwa upande wake, hulipwa leo: nauli, foleni, aibu, na kibarua kilichokosekana. Kwa mtu ambaye akili yake imezoezwa na uraibu kutafuta nafuu ya papo hapo, faida ya mbali hushindwa na faida ya karibu.

Motisha huwekwa upande wa matibabu katika mizani hiyo. Haichukui nafasi ya dawa wala ya mshauri nasaha. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu aliyefika leo anaondoka na kitu leo, huku faida kubwa zikiendelea kukua polepole.

Yaliyothibitishwa nje ya nchi

Wazo hili si geni, na limepimwa kwa zaidi ya miaka 30. Katika Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, mtafiti Stephen Higgins na wenzake walilijaribu kwa watu waliokuwa na uraibu wa kokeini. Kila kipimo cha mkojo kilichoonyesha kwamba mtu hakutumia kokeini kilimpa pointi zenye thamani ya pesa. Thamani ilianza na dola 2.50 na kupanda kidogo kwa kila kipimo safi kilichofuata. Kipimo kikionyesha kokeini, au mtu asipofika, thamani ilirudi mwanzo. Pesa taslimu hazikutolewa. Wahudumu ndio walionunua walichohitaji wagonjwa, kama vile vifaa vya baiskeli na vibali vya kuvua samaki.

Katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 1994, watu 40 waligawanywa mafungu mawili. Wote walipata ushauri nasaha uleule, lakini fungu moja tu lilipata vocha. Waliokamilisha wiki 24 za matibabu walikuwa asilimia 75 katika fungu la vocha na asilimia 40 katika fungu la pili.

Mtafiti mwingine, Nancy Petry wa Chuo Kikuu cha Connecticut, alitafuta njia ya bei nafuu zaidi. Badala ya kumpa kila mtu vocha kila mara, alimruhusu aliyefanya vyema kuchota karatasi kutoka kwenye bakuli. Karatasi nyingine zilikuwa na maneno ya pongezi tu, nyingi zilikuwa na zawadi ya dola moja, chache zilikuwa na zawadi ya dola 20, na moja tu ilikuwa na zawadi ya dola 100. Mwaka wa 2000 alichapisha matokeo ya wanajeshi 42 wa zamani waliokuwa na uraibu wa pombe. Baada ya wiki 8, asilimia 84 ya waliokuwa wakichota zawadi walikuwa bado kwenye matibabu. Kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake, waliobaki walikuwa asilimia 22.

Katika kliniki za kawaida za mitaani, ambako wahudumu ni wachache na wagonjwa ni wengi, tofauti ilikuwa ndogo lakini bado ilionekana. Utafiti uliofanywa katika kliniki 8 za jamii nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulihusisha watu 415 waliotumia kokeini na vileo vingine vya kusisimua. Waliofika wiki ya 12 walikuwa asilimia 49 kwa waliopata zawadi na asilimia 35 kwa wasiopata. Takwimu hizi ni muhimu kwa yeyote anayepanga kutumia pesa za umma, kwa sababu zinaonyesha kile ambacho kliniki ya kawaida inaweza kukipata.

Nchini Uingereza motisha ilipimwa kwa kufika kliniki peke yake, bila kupima mkojo. Watu wanaotibiwa uraibu wa heroini wako katika hatari ya ugonjwa wa ini wa hepatitisi B, ambao una chanjo ya sindano tatu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014, wagonjwa 210 katika kliniki 12 waliombwa kufika kwa sindano hizo kwa wakati. Bila motisha, waliomaliza sindano zote tatu walikuwa asilimia 9. Waliopewa vocha ya pauni 10 kwa kila sindano, waliomaliza walikuwa asilimia 45. Waliopewa pauni 5, kisha 10, kisha 15, walikuwa asilimia 49. Motisha yote kwa mtu mmoja haikuzidi pauni 30.

Kutokana na ushahidi wa aina hii, shirika la huduma kwa wanajeshi wa zamani nchini Marekani lilianza kusambaza utaratibu huu katika kliniki zake mwaka wa 2011. Jimbo la California nalo likauingiza katika bima yake ya umma mwaka wa 2023, kwa wagonjwa wanaotumia vileo vya kusisimua, katika kaunti zilizojiunga na mpango huo.

Yaliyothibitishwa nyumbani

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Marekani na Uingereza. Lakini Kenya nayo imepima motisha katika huduma nyingine za afya.

Katika eneo la Nyando, karibu na Kisumu, wanaume 1,504 wa umri wa miaka 25 hadi 49 ambao hawakuwa wametahiriwa waligawanywa mafungu manne. Fungu moja halikuahidiwa fidia. Mafungu mengine matatu yaliahidiwa vocha za chakula za shilingi 200, 700 au 1,200 iwapo wangetahiriwa kliniki ndani ya miezi miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2014. Waliokwenda walikuwa asilimia 1.6 katika fungu la kwanza, asilimia 1.9 kwa shilingi 200, asilimia 6.6 kwa shilingi 700 na asilimia 9 kwa shilingi 1,200. Mafunzo hapo ni mawili. La kwanza, motisha iliwasogeza watu. La pili, shilingi 200 hazikubadilisha lolote, kwa sababu hazikufidia hata kibarua cha siku alizopumzika mtu akisubiri kidonda kipone. Motisha isiyolingana na gharama ya mgonjwa ni pesa zilizotupwa.

Utafiti wa pili unamhusu mama yule aliyetajwa mwanzoni. Katika vijiji 152 vya Kaunti ya Siaya, wazazi walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha siku ya chanjo ya mtoto. Baadhi yao walitumiwa pia shilingi 75 au shilingi 200 kwa simu kila walipompeleka mtoto kwa wakati. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2017. Watoto waliokamilisha chanjo kufikia miezi 12 walikuwa asilimia 82 pale ambapo hakukuwa na ujumbe wala pesa. Waliokumbushwa tu walikuwa asilimia 86, waliokumbushwa na kupewa shilingi 75 walikuwa asilimia 86 vilevile, na waliopewa shilingi 200 walikuwa asilimia 90.

Kwa hivyo, jibu la swali la haki linaanzia hapo. Motisha haikubuniwa kwa ajili ya walevi. Ni chombo cha afya ya umma kilichopimwa kwa mama na mtoto humu humu nchini. Swali la kuuliza si nani anastahili kutuzwa. Ni wapi shilingi moja ya umma itaokoa maisha mengi zaidi.

Masharti matano ya motisha

Motisha ikitolewa ovyo haifanyi kazi. Utafiti wa miaka hiyo yote unakubaliana juu ya masharti machache.

Kwanza, itolewe palepale. Mtu akifika Jumanne, apate chake Jumanne hiyo. Hundi ya mwisho wa mwezi haishindani na kileo kinachopatikana leo.

Pili, itolewe kwa tendo moja linaloweza kuthibitishwa. Kufika saa iliyopangwa na kukaa hadi kikao kiishe huandikwa kwenye daftari na kutiwa sahihi. "Kuwa na tabia nzuri" hakupimiki, na jambo lisilopimika huzaa upendeleo.

Tatu, ipande kadiri mtu anavyoendelea kufika bila kukosa. Tuseme kikao cha nasaha ni kimoja kwa wiki kwa wiki 12, na tuzo inaanza na vocha ya shilingi 50 na kupanda kwa shilingi 10 kila wiki. Wiki ya mwisho ni shilingi 160. Atakayefika vikao vyote 12 atakuwa amepata jumla ya shilingi 1,260. Akikosa wiki moja bila sababu, anarudi shilingi 50. Akifika mara kadhaa mfululizo baada ya hapo, anarejeshwa alipokuwa amefika, ili kosa moja lisimkatishe tamaa. Hesabu hii ni mfano tu wa jinsi ya kupanga, kwani kiwango chenyewe lazima kilingane na nauli na kibarua cha eneo husika.

Nne, asiyefika asiadhibiwe. Hapati tuzo ya siku hiyo, basi. Hafukuzwi kliniki, hatukanwi mbele ya wenzake, na dawa yake haizuiliwi ili iwe tuzo. Methadoni ni tiba, na haipaswi kugeuzwa zawadi.

Tano, kanuni ziwe sawa kwa wote na zibandikwe ukutani. Mgonjwa, mhudumu na mkaguzi wa hesabu wasome maneno yaleyale.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba hii ni hongo. Hongo hutolewa ili mtu afanye jambo baya au aache wajibu wake kwa faida ya anayetoa. Motisha hutolewa hadharani, kwa kanuni zilizoandikwa, kwa faida ya anayepokea na jamii yake. Mwanafunzi anayepewa daftari siku ya zawadi shuleni hajahongwa asome.

Pingamizi la pili ni kwamba atakayepewa pesa atazinunulia kileo. Hofu hii ina msingi, na ndiyo sababu mipango mingi hutoa vocha au bidhaa. Lakini hata pesa taslimu zimepimwa. Watafiti huko Philadelphia waliwapa watu waliokuwa wametibiwa uraibu dola 10, 40 au 70 kwa kufika kwenye mahojiano ya baadaye, wengine kwa pesa taslimu na wengine kwa vocha za madukani. Kiasi kikubwa hakikuongeza matumizi ya dawa za kulevya, wala pesa taslimu hazikuyaongeza kuliko vocha. Hata hivyo, mahali ambapo jamii haijaamini bado, ni busara kuanza na vocha ya duka la jirani, au kumlipa moja kwa moja mwenye boda boda au matatu.

Pingamizi la tatu limetoka misikitini na makanisani, nalo linastahili kusikilizwa. Kuchota zawadi kwenye bakuli kunafanana na bahati nasibu, na vijana wengi tayari wameumizwa na kubeti kwa simu. Nancy Petry mwenyewe alikuwa mtaalamu wa uraibu wa kamari, na alilichunguza swali hilo bila kuona kwamba zawadi hizo ziliwaingiza wagonjwa kwenye kamari. Lakini hakuna haja ya kubishana. Tuzo yenye kiwango kinachojulikana, kama zile vocha za Uingereza, hufanya kazi bila bahati nasibu yoyote. Kwa eneo kama letu la Waislamu na Wakristo, njia hiyo inafaa zaidi.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote: motisha ikiisha, je, mtu hatarudia? Ukweli usifichwe. Nguvu ya motisha hupungua baada ya kusimamishwa, na wapo wanaorudi walikotoka. Kwa hiyo wiki zile 12 zinapaswa kutumiwa kujenga mambo yatakayobaki: kupata nafuu ya mwili, kurudisha uhusiano na familia, kujiunga na kikundi cha kusaidiana, kujifunza kazi. Motisha humfikisha mtu mlangoni na kumkalisha kitini. Kinachofanyika akiwa amekaa ndicho kitakachoamua mwaka wake ujao. Kliniki isiyo na mshauri nasaha wa kutosha, au yenye dawa zinazokatika, haiwezi kuokolewa na vocha.

Pingamizi la tano ni ufisadi. Palipo na vocha, hapakosi mtu wa kutia mfukoni. Kinga yake ni ya kawaida: daftari la mahudhurio linalolinganishwa na rekodi ya dawa, vocha zenye nambari, mtu mmoja wa kuandika na mwingine wa kutoa, na kamati ya kliniki yenye wawakilishi wa wakazi kukagua kila mwezi. Majina ya wagonjwa yasitajwe hadharani. Hesabu inaweza kusomwa kwa nambari bila kumuaibisha mtu.

Familia inaweza kuanza leo

Si lazima kungoja bajeti ya kaunti. Kanuni hizi zinafaa nyumbani pia, na hazina gharama kubwa.

Familia nyingi humsema mgonjwa siku aliyoanguka na kunyamaza siku aliyofaulu. Ingefaa kinyume chake. Siku aliyofika kliniki, apokewe. Chai iwepo. Mama au mke aseme waziwazi kwamba amefurahi. Nauli ikitolewa, itolewe asubuhi ya siku ya kliniki, na ikiwezekana alipwe mwenye boda boda mwenyewe. Siku aliyokosa, asipigwe wala asifungiwe ndani. Aulizwe kilichomzuia, na mpango wa kesho upangwe usiku huo. Anayetumia pombe kwa wingi kila siku asilazimishwe kuacha ghafla nyumbani, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Huyo apelekwe hospitali kwanza.

Waajiri wa vibarua nao wana nafasi. Msimamizi wa mjengo anayekubali mfanyakazi aingie saa mbili badala ya saa moja kwa sababu ya dawa amefanya zaidi ya vocha nyingi. Wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kumkumbusha mgonjwa kwa simu jioni ya kuamkia kliniki. Siaya, asilimia 86 ya watoto walikamilisha chanjo pale ambapo wazazi walikumbushwa tu, na ujumbe wa simu ni wa bei ndogo kuliko vocha yoyote. Machifu na wazee wa mitaa wanaweza kuhakikisha kwamba mtu anayekwenda kuchukua dawa hasumbuliwi njiani kwa sababu tu anajulikana.

Uamuzi uko mikononi mwa wakazi

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la vituo vya afya vya kaunti, leseni za pombe, na udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hiyo swali la kama kliniki ijaribu motisha ni la wakazi na wawakilishi wao kuamua.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Mwongozo wa mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya kila hatua, umma una haki ya kusikilizwa. Mkazi anayeunga mkono motisha, na mkazi anayeipinga, wote wana mahali pa kusema.

Wakifika huko, wasiulize tu "mradi huu utagharimu kiasi gani?" Waulize pia: ni wagonjwa wangapi walioandikishwa mwaka jana, na ni wangapi walikuwa bado wanafika baada ya miezi mitatu? Nambari hizo mbili zikipatikana, kila mtu ataona ukubwa wa tatizo, na jaribio lolote litapimika. Kama motisha haitaongeza mahudhurio katika kliniki moja kwa miezi sita, iachwe, na pesa ziende kwingine. Kama itaongeza, ushahidi utakuwa wa kaunti hii, na si wa Vermont wala wa Siaya.

Kwa sasa, yeyote mwenye tatizo la pombe au dawa za kulevya, au mwenye ndugu aliye na tatizo hilo, anaweza kupiga simu ya NACADA nambari 1192 bila malipo, au kufika katika kituo cha afya kilicho karibu na kuomba kuelekezwa. Aliyeacha kwenda kliniki asione haya kurudi. Kiti chake bado kipo.